Kisikilizio Kilichoachwa Kikining'inia

Siku Orrin Stoudt alipomvunja mkewe kidole, mtu wa kwanza kusikia mfupa ukilia alikuwa Alvina Teague, na Alvina hakuwamo ndani ya nyumba ile. Alikuwa mitaa kadhaa mbali, ameketi kwenye kiti chake kirefu katika chumba cha juu ya benki, mbele ya swichibodi ya mji wa Harlow, Indiana, kisikilizio kimebanwa sikioni kwa utepe wa chuma. Kibati cha namba ya Stoudt, kile kinachoanguka mwenye simu akiita, kilianguka, tap! Akachomeka waya, akasema alivyozoea kusema kutwa kucha, "Namba tafadhali?" Hakujibiwa. Alisikia kiti kikianguka. Akasikia sauti ya mwanamke, "Orrin, nakuomba, Orrin," kisha mlio mmoja mkavu, kisha mayowe.

Mwanamke huyo ni Zella, mdogo wake Alvina wa tumbo moja.

Alvina hakulia, maana kulia kungemsaidia nani? Alifanya kile walichokubaliana wao wawili tangu mwaka wa kwanza wa ndoa ile ya laana. Alishika mkono wa kengele akauzungusha kwa nguvu zake zote, nyumba ya Stoudt ikajaa mlio kama kanisa linalowaka moto. Akazungusha, akazungusha, mpaka Orrin mwenyewe akaja kukamata kisikilizio.

"Nini?"

"Kibati chenu kimeanguka, shemeji. Namba tafadhali?"

"Hapa hakuna aliyetaka namba."

"Haya. Basi nitabaki kwenye laini kidogo, huenda akatokea wa kuitaka."

Alimsikia akihema kama fahali. Halafu mlango ukabamizwa, akawa ametoka. Kisikilizio alikiacha kikining'inia, kikigonga ukuta, ngo, ngo, ngo. Orrin hajawahi hata siku moja kukirudisha kwenye ndoano yake. Kwani kazi hiyo si ya wasichana? Watu wa Harlow wote walikuwa hivyohivyo. Mtu akishamaliza maneno yake anakiacha popote, kisha opereta anaingia kwenye laini na kuuliza, "Mmemaliza?" Akijibiwa, anachomoa waya. Asipojibiwa, hachomoi, hata kama ni mpaka jioni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa Alvina alipokalia kile kiti, naye aliishika kuliko alivyoshika Amri Kumi.

Basi hivyo ndivyo Zella alivyoishi. Akibanwa ukutani, anaupiga mkono wa simu kwa kiwiko, au kwa nyonga, na siku moja aliupiga kwa paji la uso. Mzunguko mmoja tu, kibati kinaanguka, dada yake anaingia. Orrin alikuwa jitu la machinjio, nguruwe mzima akimwinua peke yake, lakini akijua kuna mtu anamsikia alinywea. Alimchukia Alvina kuliko alivyomchukia shetani.

Msiniulize kwa nini Zella hakukimbia. Alikimbia! Alikuja chumbani kwa Alvina na kikapu kimoja, na Orrin akaja na shoka la machinjioni, akaupasua mlango vipande viwili, akamkamata mkewe nywele akamburuta barabara kuu yote, mchana kweupe, magoti yake yakiacha damu vumbini. Kinyozi aligeuza uso. Wateja wa kinyozi nao wakageuza, mmoja ana povu nusu ya shavu. Alvina alikimbia nyuma akimpiga Orrin mgongoni kwa ngumi, na Orrin hakujisumbua hata kugeuka.

Baada ya kile kidole, Alvina alimshika Zella mkono akampeleka kwa hakimu wa mji, Leander Pruitt, mzee wa masharubu yaliyochanwa vizuri, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya simu. Kumbe Orrin alishawatangulia, amekaa pale ofisini na sigara ya hakimu mdomoni.

"Ulibanwa na mlango, si ndiyo, mama?" hakimu akamuuliza Zella kwa upole.

Zella akamtazama mumewe. "Ndiyo, Bwana Hakimu. Mlango."

"Mlango gani!" Alvina akafoka. "Mimi nilisikia! Nilisikia kidole kikivunjika!"

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa kwenye laini."

"Aa, kwenye laini." Hakimu akaegemea kiti. "Basi hukusikia kitu, binti. Ya kwenye waya ni mali ya wenye waya. Opereta anayetangaza ya kwenye waya ni mdaku, na mbele yangu maneno ya mdaku si ushahidi. Ukiyasema tena nje ya mlango huu, kile kiti juu ya benki utakisikia kwa wenzako."

Orrin akacheka mpaka moshi ukampalia. Laiti ungemwua pale pale!

Mwaka huohuo ndipo habari za mtambo zilipofika Harlow. Kule mijini, walisema, kuna simu isiyotaka msichana. Unazungusha mwenyewe kisahani chenye matundu, na mashine inakutafutia mtu wako bila kukuuliza unakwenda wapi. Wengi waliona ni upuuzi. Anayeita polisi akiwa amekunywa atazungusha nini? Lakini Orrin Stoudt aliipokea habari ile kama mahubiri. Alinunua hisa za kampuni ya simu, akazunguka kwa kinyozi, kanisani na mnadani akihubiri mpaka povu likamtoka. "Mashine haina masikio!" aliwaambia watu. "Mnapenda kila mnachosema na wake zenu kisikilizwe na vimwana vinavyotafuna peremende?" Na kwa kuwa kila nyumba Harlow ilikuwa na lake la kuficha, wakapiga kura ya ndiyo.

Fundi akaja kutoka Chicago, kijana mmoja mweupe kama unga aitwaye Quigley, na masanduku yake. Chumba kizima nyuma ya benki kikajaa safu za vyuma, kila laini ikiwa na kidude chake cha shaba kinachopanda, kinachozunguka, tak-tak-tak, tak-tak, kikitafuta namba chenyewe. Alvina aliutazama mtambo ule ukijaribiwa. Aliusikiliza kwa makini kama anavyosikiliza mtu, na ndani yake hakusikia mtu.

Siku ya kubadilisha, Jumamosi adhuhuri, wakubwa wote walipanda juu. Wasichana wanne waliambiwa wakae vitini mpaka dakika ya mwisho, ili mji usikose simu hata kidogo. Nyaya nene za zamani ilibidi zikatwe zote kwa pamoja, mpya ziunganishwe. Quigley alikuwa ameleta mikasi mikubwa ya kazi hiyo. Orrin akaikataa.

"Mimi nina changu," akasema, akatoa shoka. Ni lile lile lililopasua mlango.

"Bwana Stoudt, ngoja kwanza hawa akina dada washuke," Quigley akamwambia.

"Wataruka."

Akalishusha. Pigo la kwanza lilipita karibu na goti la Alvina hata upepo wake ukainua sketi. La pili likazama kwenye ubao, vipande vya mbao vikaruka, msichana wa jirani akapiga kelele na shavu lake likachuruzika damu. Orrin alikuwa anacheka na kupiga, anacheka na kupiga, na kwa mtikisiko ule vibati vyote vya Harlow vikaanguka kwa mpigo mmoja, kana kwamba mji mzima unaita. Alvina hakuinuka. Alikaa mpaka nyaya zilipokatika, na kisikilizio sikioni kikanyamaza zii.

Orrin akamwinamia. Alinuka mafuta ya nguruwe. "Haya, shemeji," akamnong'oneza. "Sasa tuone nani atabaki kwenye laini."

Wiki hiyo ya kwanza ilikuwa vichekesho, kama una moyo wa kucheka. Wazee waliinua kisikilizio na kusema, "Alvina mwanangu, nipe daktari," kisha wakakasirika mbona hajibu. Na kila mtu aliendelea kuacha kisikilizio popote, mezani, kitini, kikining'inia, wakingoja mtu awachomolee waya. Quigley alikimbia nyumba hadi nyumba karibu alie.

"Hakuna wa kuwachomolea!" alipiga kelele sokoni. "Aliyepiga ndiye bwana wa laini! Asiporudisha chake kwenye ndoano, mtambo umeshika, na huyo aliyempigia hatoki, afanye afanyavyo. Rudisheni, jamani! Rudisheni!"

Watu wakamwitikia, wakaenda nyumbani, wakasahau. Orrin hakwenda hata kusikiliza. Alikuwa kilabuni anajipongeza.

Alvina akapata kazi ya jikoni kwa hakimu, maana Bi Cordelia Pruitt, mke wa hakimu, alikuwa na aibu ya moyoni kuhusu ile kesi ya kidole na alitaka kuitoa kwa njia ndogo. Siku ya kwanza alipopata nafasi, Alvina alikwenda nyuma ya machinjio, akamkuta Zella anakwangua matumbo ya nguruwe. Jicho moja limefumba. Mdomo umepasuka.

"Nisikilize," Alvina akamwambia. "Kwa hakimu ni tatu, moja, saba. Unazungusha mara tatu, unabonyeza kitufe cha kengele. Mimi nipo pale kutwa. Tatu, moja, saba. Sema."

Zella akacheka, mdomo ukafunguka tena ukatoa damu. "Mkono wake uko shingoni, dada, mimi nahesabu matundu?"

"Jaribu!"

"Zamani nilipiga kwa kiwiko tu." Akafuta damu kwa bega, mikono ilikuwa na uchafu. "Juzi niliinua kisikilizio, nikaita jina lako. Nikangoja. Humo ndani hamna hata pumzi, Alvina. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu ananitazama. Aliniacha niite mpaka nichoke, ndipo akaanza." Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Ataniua kabla nguruwe wa vuli hawajaisha. Nakwambia ili ujue, usije ukasema sikukwambia."

Alvina alirudi jikoni kwa hakimu na maneno hayo. Mdogo wake atauawa, na mji mzima umenunua mtambo wa kutosikia.

Jumapili baada ya ibada, hakimu aliandaa chakula cha kuushukuru mtambo. Walikuwapo yeye na Bi Cordelia, mchungaji Hobbs, na fundi Quigley. Viti viwili vya Stoudt vilikuwa vitupu. Kuku wa kuokwa alikuwa mezani, viazi vya kupondwa, mchuzi, na pai ya tufaha ilikuwa inapoa dirishani. Simu ilikuwa ukutani hapohapo chumba cha kulia, ili wageni waione. Ikalia. Hakimu akainuka na kitambaa chake shingoni, akapokea kwa maringo.

"Pruitt anaongea!"

Sauti ya Orrin ilikuwa kubwa, ilitoka mpaka mezani. "Hatuji, Leander. Mwanamke kaanguka ngazini."

"Pole sana, ndugu. Mpe salamu zetu."

Akarudisha kisikilizio ndoanoni, akarudi kwenye paja la kuku.

"Ameanguka tena," akasema Bi Cordelia, macho kwenye sahani.

"Nyumba ile haina ngazi," Alvina akasema. Alikuwa amesimama na bakuli mikononi. "Bwana Hakimu, ile ni nyumba ya chini. Haina hata kidato kimoja."

Mchungaji Hobbs akakohoa. "Mchuzi huu ni mtamu ajabu," akasema.

"Lete viazi, Alvina," hakimu akasema.

Akaleta viazi. Kijiko kikagonga bakuli. Hakimu, ili kubadilisha mazungumzo, akamwambia mchungaji ampigie mkewe aliyekwenda kuuguza mama yake, aone mtambo unavyofanya maajabu. Akakiinua kisikilizio mwenyewe amwonyeshe. Akakunja uso. Akakirudisha. Akakiinua tena, akakirudisha tena, upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu.

"Kuna nini?" akauliza Bi Cordelia.

"Hakuna kitu. Laini ina makelele."

Quigley akainuka na mdomo umejaa, akasikiliza kidogo. Rangi yake, ile kidogo aliyokuwa nayo, ikamtoka. "Ni kule alikopiga yule bwana," akasema. "Hakurudisha chake. Bado tumeunganishwa. Huku hatuwezi kukata, nilisema sokoni... Mheshimiwa, kuna mtu anapigwa kule."

Kilisikika sasa mpaka mezani, kidogo na kwa mbali kama panzi ndani ya kibuyu: kishindo, na kilio, na kishindo.

Alvina aliangusha bakuli. Alimpora Quigley kisikilizio, akakitia sikioni palepale kilipozoea kukaa, na alisikia vyote. Alisikia nyundo ya mbao ya kuzimishia nguruwe ikishuka juu ya kitu laini. Alisikia Zella akisema, "Tatu, moja, saba... tatu, moja..." kama mtoto anayekariri, na Orrin akisema, "Hesabu, mama, hesabu, mpigie basi." Alvina akapiga kelele kwenye mdomo wa simu, "Orrin! Orrin Stoudt! Nipo kwenye laini!" Lakini kisikilizio cha kule kwa Orrin kilikuwa kinaning'inia karibu na sakafu, na sauti yake ikafika ndogo kama ya kifaranga. Orrin hakusikia.

"Rudisha hiyo," hakimu akasema. "Mambo ya mtu na mkewe hayo. Quigley, nenda kwenye mtambo ukaifungue kwa mkono."

Kisu cha kukatia kuku kilikuwa mezani. Alvina akakitwaa, na Quigley, aliyekuwa ameanza kujivuta mlangoni, akasimama.

"Atakayeikata laini hii nitamkata yeye," Alvina akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutetemeka. "Mimi nimesikiliza miaka yote hii peke yangu. Leo sikilizeni nyinyi. Kuleni na msikilize!"

Akakiacha kisikilizio kining'inie ukutani mwa hakimu, akatoka mbio.

Alikimbia na aproni yake, katikati ya barabara, kisu wazi mkononi. Kila baada ya hatua chache alijaribu kusikia miguu ya wanaume nyuma yake. Mchungaji atakuja, alijiambia. Kijana yule wa Chicago atakuja. Alipofika kwa Stoudt akageuka kutazama. Barabara ilikuwa tupu, na kuku wawili wanachakura.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Orrin alikuwa amemkalia Zella kifuani, ametulia kabisa, mtu ungedhani anapumzika, nyundo mkono wa kulia na nywele za mkewe zimezungushwa kwenye wa kushoto. Uso wa Zella haukuwa uso tena. Jino moja lilikuwa limelala peke yake sakafuni. Kando ya mlango simu ilikuwa ukutani, na kisikilizio kikining'inia kwa waya wake, kikizunguka polepole.

"Karibu, shemeji," Orrin akasema. "Leo umekuja kwa miguu? Kengele imekufa?"

Alvina alimrukia na kisu. Orrin alikuwa mzito lakini hakuwa mvivu. Nyundo ikamwahi Alvina juu ya kiwiko, mfupa ukalia kwa ule mlio mkavu alioujua vizuri, na kisu kikaruka kikatokomea chini ya jiko. Halafu akamshika koo. Akamwinua, akambandika ukutani kando ya simu, miguu haigusi chini.

"Piga kelele," akamwambia. "Piga nikusikie. Maana mwingine wa kukusikia hayupo."

Na Alvina akapiga kelele, kwa pumzi kidogo iliyokuwa imebaki. Lakini hakuita msaada. Aliita majina. "Leander Pruitt!" akaita. "Mchungaji Hobbs! Cordelia Pruitt!"

Orrin akaangua kicheko kikubwa. "Unasali kwa nani, mwendawazimu wewe? Mashine haina masikio!"

Akakaza vidole. Giza likaanza kumjia Alvina kutoka pembeni mwa macho. Akakiona kisikilizio kikizunguka karibu na miguu yake, kimefungua kinywa chake cheusi, akajaribu kukisogelea kwa mguu, asiweze.

Sasa hapa Orrin Stoudt alikosea, na kosa lake lilianza zamani. Tangu mwaka wa kwanza alimtia Zella machinjioni, amsaidie kazi ili asilipe kibarua. Alimfundisha kwa makofi. Alimfundisha mahali pa kukata mshipa wa nyuma ya goti ili nguruwe mkorofi akae chini, na mahali pa kuingiza kisu chini ya koo, na jinsi ya kukipindua kikishaingia. Zella alijifunza yote, hakuwa mwanafunzi mbaya. Alitambaa. Hakuwa anaona vizuri, alipapasa chini ya jiko mpaka akapata mpini.

Mkato mmoja wa kisu nyuma ya goti, na Orrin akakaa chini kama alivyofundisha. Alimwachia Alvina. Alimtazama mkewe kwa mshangao, karibu kwa heshima, na akafungua mdomo aseme jina lake. Zella alikwisha kumshika kidevu kwa mkono wenye kidole kilichopinda. Kisu kikaingia, kikapinduliwa. Damu ikaruka mpaka kwenye mdomo wa simu. Orrin alipiga sakafu kwa visigino, akapiga, akapiga, na haikuwa haraka, maana hata nguruwe hafi haraka. Mwishowe akaacha.

Zella alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza, kisu mapajani.

"Wataninyonga, dada," akasema. Maneno yalimtoka yamevunjikavunjika. "Hakimu ni rafiki yake. Atasema mlango. Atasema ngazi. Nitanyongwa mimi."

Alvina aliinuka kwa kushikilia ukuta. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia kama si wake. Kwa ule mzima akakiokota kisikilizio, akakiweka sikioni.

Kulikuwa na watu humo. Alisikia pumzi zaidi ya moja, akasikia saa ya ukutani ya Bi Cordelia ikienda, akasikia mtu analia kwa kujizuia.

"Bwana Hakimu," akasema.

Halafu sauti ya Leander Pruitt, kavu. "Alvina. Sisi huku hatukusikia kitu. Laini ilikatika mara tu ulipotoka."

Alvina nusura acheke, koo halikumruhusu. Mtu anamjibu kwenye laini hiyohiyo kwamba laini imekatika! Lakini kabla hajatamka neno, kiti kilianguka kule, vyombo vikavunjika, na mwanamke akapiga kelele, "Nipe! Nipe hiyo, Leander, au nikung'oe hayo masharubu!"

"Alvina, ni mimi, Cordelia." Alikuwa anahema. "Mimi nimesikia. Nimesikia akimpiga, nimesikia akikukaba, nimesikia ukiniita kwa jina langu, na sikuinuka kwenye kiti. Hapa hakuna aliyeinuka. Mchungaji ameziba masikio lakini alishasikia. Huyu kijana wa mtambo analia. Nitayasema yote mahakamani, hata kama anayekaa pale juu ni mume wangu. Zella yu hai?"

"Yu hai."

"Mungu anisamehe. Nilikuwa na kijiko mkononi muda wote."

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa ajabu, klik, klik, klik. Alvina aliutambua. Ni hakimu, ameifikia ndoano ya simu kwa kidole chake, anaibonyeza, anaibonyeza, anaibonyeza, apate kuikata. Kila akiiachia, laini ilikuwa bado ipo, na Alvina bado yumo.

Akajisafisha koo. Akasema kwa sauti ileile ya kwenye kiti kirefu, "Mmemaliza?"

"Mimi nimemaliza, mwanangu," akasema Bi Cordelia.

"Bwana Hakimu? Umemaliza?"

Klik, klik. Kisha ikaacha. Akasikia mzee yule anapumua karibu kabisa na mdomo wa simu, karibu hata ungedhani yumo jikoni humo pamoja nao. Alvina akangoja. Hakimu hakujibu.

Basi Alvina hakukirudisha kisikilizio kwenye ndoano. Alikiacha kikining'inia, akapiga magoti kwenye damu, akaanza kuchana aproni yake kwa meno amfunge mdogo wake.